Usiku wa Palm City: Need for Speed Heat na Matoleo Yaliyoitangulia

Mfululizo wa michezo ya video uitwao Need for Speed ulianza mwaka 1994, na jina lake, ambalo kwa Kiswahili lingeweza kusemwa kuwa ni kiu ya mwendo, lapingana tangu mwanzo na methali isemayo kuwa haraka haraka haina baraka. Katika mfululizo huo baraka yote imo katika haraka. Kufikia mwaka 2022 yalikuwa yametoka matoleo zaidi ya ishirini, na miongoni mwake lile liitwalo Heat, lililotolewa tarehe 8 Novemba, 2019, lastahili kutazamwa kwa makini kuliko lilivyotazamwa. Lilitengenezwa na mafundi wa Ghost Games wa Gothenburg, Uswidi, kwa niaba ya kampuni ya Electronic Arts, nalo lilikuwa la mwisho kwao katika mfululizo huu: mwaka 2020 kazi ilirudishwa mikononi mwa Criterion wa Uingereza, na jina la Ghost Games likaachwa.

Watu husema, mla ni mla leo, mla jana kala nini. Lakini wapenzi wa mfululizo huu hawaisadiki methali hiyo. Kila toleo jipya hupimwa kwa yaliyotangulia, na aghalabu huonekana pungufu. Kipimo hicho chaweza kuwa cha haki, na chaweza pia kuwa cha utamu wa ujana uliopita. Kwa sababu hiyo matoleo ya kale hayana budi kuchezwa upya, si kukumbukwa tu, kabla ya hukumu kutolewa. Na swali la kuulizwa ni hili: shindano la magari mitaani, lililo la mchezo tu na lisilomwaga damu ya mtu, hupata wapi uzito wake? Matoleo yaliyojibu swali hili vizuri ni machache. Heat imelijibu nusu, na nusu hiyo ni bora kuliko majibu kamili ya mengine mengi.

Maneno machache hayana budi kuelezwa kwanza, maana lugha ya michezo hii bado haijakaa sawasawa katika Kiswahili. Neno lililo jina la toleo hili, katika Kiingereza cha mitaani, si joto la jua. Ni ule msako unaomzidia mkosaji kila anapozidi kukosa. Kulitafsiri kwa neno joto ni kulipoza. Mswahili aliyebanwa husema kwamba mambo yamekuwa moto, na kwa hiyo kiwango cha msako kitaitwa moto katika makala haya. Kile ambacho mchezaji hukichuma kwa kushinda usiku, na ambacho mchezo hukihesabu kwa tarakimu, kingeweza kuitwa sifa. Lakini sifa njema mtu hupewa na wenziwe bila ya kuifukuzia, na huyu huifukuzia. Neno lifaalo ni jina, kama isemwavyo kwamba fulani anatafuta jina. La tatu ni kuserereka. Kitenzi hiki ni cha ajali: gari huserereka katika matope pasipo kupenda dereva. Katika michezo hii dereva huliserereshea gari lake kusudi, pua ikitazama kando na magurudumu ya nyuma yakifuka moshi, naye hutunzwa kwa kitendo hicho. Mtungaji wa kamusi atakayekuja itampasa kuiandika maana hiyo ya pili.

Asili ya Heat haimo katika toleo la mwaka 1994. Toleo hilo na yale yaliyolifuata karibu yalihusu magari ya watu wenye mali, Ferrari na Lamborghini na mfano wa hayo, yakipita katika barabara zenye mandhari ya kupendeza. Mageuzi yaliletwa na Underground, iliyotolewa Novemba 2003 na mafundi wa EA Black Box huko Vancouver, Kanada. Miaka miwili nyuma filamu ya The Fast and the Furious ilikuwa imewazoeza watazamaji kuona magari ya kawaida yaliyofumuliwa na kuundwa upya kwa ajili ya mashindano ya usiku, na mchezo ukaifuata njia hiyo. Magari yake yalikuwa 20 tu, na mengi ni ya aina ambayo mfanyakazi aweza kuimiliki: Honda Civic, Volkswagen Golf, Subaru Impreza. Msomaji wa Nairobi au wa Dar es Salaam, ambako magari yaliyokwisha kutumika Japani yamejaa njiani, hahitaji kuelezwa Impreza ni nini.

Uzuri wa Underground umo katika ukata wake. Jua halichi kamwe. Barabara zimelowa siku zote, hata pasipo na mvua, ili taa za mji ziakisike chini. Hakuna askari. Hakuna ruhusa ya kuzunguka mjini. Kila shindano ni njia iliyozibwa pande zote, nayo ikiisha mchezaji hurudi gerejini. Katika ufinyu huo kila kitendo huonekana. Yatosha kulitazama shindano la mstari mnyoofu. Hapo usukani karibu wote huondolewa mkononi mwa mchezaji: gari hufuata mstari wake lenyewe, naye aweza tu kuhama kutoka mstari mmoja kwenda wa pili ili kuyakwepa magari ya wapita njia. Kazi iliyobaki ni gia. Mshale wa mizunguko ya injini hupanda, na gia yapasa kubadilishwa pale pale unapofika mahali pake. Mapema kidogo ni hasara, kuchelewa kidogo ni hasara, na kuing'ang'aniza injini kupita kiasi ni kuiua. Mgongano mmoja wa ana kwa ana humaliza yote. Shindano lenyewe ni la muda mfupi sana, lakini mchezaji hutoka viganja vikimtoka jasho, kwa kuwa hakupewa pa kujificha baada ya kosa lake.

Lawama ya Underground ni ya zamani na ni ya haki. Wapinzani wamefungwa kamba isiyoonekana: mchezaji akiwatangulia mno huvutwa wakamfikia, na akiachwa nyuma humngojea. Katika shindano la mizunguko mingi, kwa hiyo, mizunguko ya kwanza yote haina maana, na kosa la mwishoni lafuta ustadi wa njia nzima. Wapenzi wengi wa toleo hili wameisahau kamba hiyo. Anayelirudia leo huikuta pale pale ilipofungwa.

Underground 2, ya Novemba 2004, iliufungua mji. Bayview ni mji wa kuzungukwa, na mtaa mmoja hufunguka baada ya mwingine kadiri mchezaji anavyoshinda. Jambo hili si la kwao peke yao, kwa maana mchezo wa Midnight Club ulikuwa umekwisha kuwapa watu miji iliyo wazi tangu mwaka 2000. Lililo lao ni namna mji unavyomlazimisha dereva kuutazama. Baadhi ya maduka hayamo katika ramani mpaka yapitiwe na kuonekana kwa macho. Dereva mwingine akikutwa njiani aweza kuchokozwa hapo hapo, na shindano halina njia iliyopangwa: atakayemwacha mwenziwe kwa umbali uliowekwa ndiye mshindi. Hilo ni shindano la mitaani kwa maana kamili ya neno, na halikupata kufanywa vizuri hivyo tena katika mfululizo huu.

Walakini toleo hilo hilo lina tabia ya duka. Mabango ya biashara za kweli yamepandwa kila kona. Mapambo ya gari ni ya hiari katika maneno na ya lazima katika vitendo, kwa sababu mchezaji huitwa kupigwa picha kwa ajili ya jalada la gazeti, na gari lisilokuwa na nyota za kutosha za urembo halipigwi. Mwenye matatu wa Nairobi hupamba gari ili abiria walikimbilie, na urembo wake hupingwa au husifiwa na watu walio hai. Urembo wa Bayview hauna mtazamaji. Mashine huhesabu vibandiko na kuta za plastiki zilizoongezwa, na gari lenye mzigo mkubwa wa takataka hupata nyota nyingi kuliko gari zuri.

Toleo lililofuata, Most Wanted la Novemba 2005, ndilo ambalo Heat haina budi kushindanishwa nalo, kwa kuwa yote mawili yamejengwa juu ya askari. Mji ni Rockport, majira ni ya majani kupukutika, na usiku wa miaka miwili ukaisha ghafula. Mashindano ni ya mchana, katika mwanga wa manjano. Kisa ni chepesi. Mgeni aja mjini na gari lake aina ya BMW M3 GTR, ashindwa kwa hila na mtu aitwaye Razor, gari lachukuliwa, naye abakiwa na kazi ya kupanda ngazi ya watu 15 wanaosakwa zaidi mjini, kutoka wa mwisho mpaka wa kwanza, ambaye sasa ni Razor mwenyewe juu ya gari lile lile la wizi. Utaratibu wa ngazi hiyo ni wa hadithi za kale: shujaa huporwa kilicho chake, naye hukirudia kwa kuwashinda walinzi mmoja mmoja. Hakuna haja ya kueleza sababu nyingine.

Ngazi haipandwi kwa kushinda mashindano tu. Kwa kila mtu wa kushindwa kuna thamani ya msako inayopasa kufikiwa, yaani yampasa mchezaji awachokoze askari, awaharibie magari, awapotee, na kuorodheshwa kuwa mkosaji mkubwa kuliko jana. Akikamatwa, gari hutiwa alama. Alama zikijaa, gari huchukuliwa, na kama hakubakiwa na jingine wala njia ya kulikomboa, safari imekwisha. Siku za mwizi ni arobaini, na katika Rockport zahesabiwa juu ya kila gari peke yake. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ionekanavyo, kwa sababu gari lililochukuliwa ni lile ambalo mchezaji alilipaka rangi kwa mikono yake na kulizoea kona zake.

Lakini kitu kilichoifanya kazi hii idumu ni sauti. Katika msako mchezaji huwasikia askari wakizungumza kwa redio. Hawasemi maneno ya vitisho vya jumla. Hutaja rangi ya gari, hutaja barabara na upande linakoelekea, huomba msaada, hupewa jibu, hupanga kizuizi mbele, hukiri kwamba wamempoteza. Lugha yao ni ya kazi, yenye namba za siri na mkato wa watu waliozoeana. Hivyo mchezaji hujiona kwa macho ya wanaomtafuta. Aliyejificha nyuma ya jengo, injini imezimwa, akasikia sauti ikitaja barabara iliyo jirani yake, amepewa na maneno matupu hofu ambayo picha isingeweza kumpa. Wanafunzi wa lugha wangefanya vema kuichunguza redio hiyo kuliko mazungumzo ya wahusika, ambayo ni ya kuchekesha.

Miaka iliyofuata yaweza kupitwa kwa haraka. Carbon ya 2006 ilirudi usiku na kuongeza mapambano ya milimani, ambapo kutoka nje ya barabara ni kuanguka gengeni. Hilo lilikuwa jambo jema katika kazi iliyokatwa fupi. ProStreet ya 2007 iliyapeleka mashindano katika viwanja halali, nayo ikapoteza sababu ya jina lake. Undercover ya 2008 haikuacha alama. Criterion walitoa Hot Pursuit mwaka 2010 na Most Wanted nyingine mwaka 2012, zote mbili kazi za mafundi hodari, lakini magari yake hayana mwenyewe: mchezaji huyakuta yamesimama au yamepangwa, akayapanda, akayashuka. Ghost Games walipoanza na Rivals mwaka 2013 walipanda mbegu ambayo ingezaa baadaye, maana humo mchezaji hubeba alama zake njiani na kuzipoteza zote akikamatwa kabla ya kufika maficho. Toleo la mwaka 2015, lisilokuwa na jina la pili, lilikuwa na mji mzuri wa usiku na askari wazembe, na halikufunguka bila ya mtandao. Kisha ikaja Payback.

Payback ya mwaka 2017 yafaa kutajwa kwa ukali, kwa sababu ilikosea katika jambo la msingi. Nguvu ya gari katika mchezo huo haitokani na fundi. Hutokana na kadi. Kadi hushindwa, hununuliwa, na zisizotakiwa hutolewa tatu tatu zikatiwa katika mashine iliyo mfano wa mashine ya kamari, ambayo huzungusha magurudumu yake na kutoa kadi nyingine kwa bahati. Tangu Underground uhusiano wa mchezaji na gari lake ulikuwa wa mtu na kazi ya mikono yake: amefunga kifaa hiki, na gari limekuwa hivi. Payback iliukata uhusiano huo ikaweka bahati nasibu mahali pake. Wachezaji walilalamika sana, na walikuwa na haki.

Heat ilizaliwa chini ya lawama hiyo, na jambo la kwanza ililofanya ni kuzitupa kadi. Injini hununuliwa ikaitwa injini. Yaweza hata kung'olewa na kutiwa ya gari jingine. Mlio wa bomba la moshi hurekebishwa na mwenye gari mpaka umridhishe sikioni. Magari ni 127. Mji ni Palm City, uliofananishwa na Miami: maji pande mbili, minazi, bandari, na mashamba nje yake. Yote haya ni ya kawaida katika kazi ya fedha nyingi. Lisilo la kawaida ni kwamba mchana na usiku wa Palm City ni nchi mbili zenye sarafu mbili. Mchana kuna mashindano ya halali, barabara zimefungwa kwa idhini, na mshindi hulipwa fedha. Usiku mashindano ni ya haramu, fedha si kitu, na mshindi hupata jina. Mchezaji mwenyewe huchagua lini kuche na lini kuchwe. Wala hawezi kuishi katika nchi moja tu, maana gari zuri haliuzwi kwa mtu asiye na jina, hata awe na fedha kiasi gani. Na mwenye jina bila ya fedha hawezi kulinunua.

Ufundi wote wa kazi hii umo katika usiku, nao wastahili kuelezwa taratibu. Mchezaji hutoka gerejini moto ukiwa chini. Hushinda shindano la kwanza. Jina kidogo, moto umepanda. Askari wamemwona, huwapotea, moto umepanda tena. Sasa jina lote alilochuma usiku ule litazidishwa kwa kiwango cha moto, lakini halijawa lake. Hulipata afikapo maficho, si kabla. Akikamatwa njiani ziada yote hupotea, na fedha kadhaa juu yake. Kwa hiyo baada ya kila shindano huulizwa swali moja, wala hakuna anayelitamka: arudi, au aongeze moja? Moto ukifika daraja la tatu hufunguka mashindano yenye vifaa visivyopatikana kwingine, na vifaa hivyo pia si vyake mpaka afike. Vituo vya petroli vitamtengenezea gari kwa kulipita tu ndani yake, lakini mara tatu kwa usiku mmoja, basi. Aliyetumia ya tatu hujua kwamba mlango umefungwa nyuma yake.

Yaonekana ni utaratibu mdogo, hata wa kitoto. Lakini umelipa tena shindano la mitaani kile kilichoondoka pamoja na alama za Rockport, yaani ushindi ulio mkononi na usio wa mtu bado. Shindano lenyewe limekwisha, mchezaji amekuwa wa kwanza, na kipande kigumu cha usiku ni safari ya kurudi nyumbani. Mvua hunyesha, taa za bluu zatokea kwenye kioo cha nyuma, maficho yako ng'ambo ya daraja, na daraja lina kizuizi. Hakuna toleo jingine katika mfululizo huu lililoifanya safari ya kurudi kuwa na thamani kuliko shindano. Rivals ilijaribu, lakini humo maficho yalikuwa mengi mno na karibu mno. Na methali ya tamaa mbele mauti nyuma, ambayo kwa kawaida husemwa na mtu aliyesimama pembeni, hapa hujisemea mwenyewe yule aliyekuwa na nafasi ya kurudi akataka moja zaidi.

Uendeshaji nao umebadilika, na hapa watu hugawanyika. Katika hali ya kawaida gari la Heat huanza kuserereka mchezaji anapouachia mguu wa mafuta na kuukanyaga tena konani. Aliyezoea breki ya mkono ya Underground huona gari limerogwa kwa saa ya kwanza. Mwendo ukizoewa hupendeza, lakini kona hazina tena tofauti kubwa kati yake. Ile ya ghafula na ile ndefu huchukuliwa kwa kitendo kimoja. Katika Most Wanted breki ilikuwa na kazi. Katika Heat breki ni ya wageni.

Upungufu mkubwa zaidi umo mchana. Fedha hupatikana kwa kushinda, na kushindwa hakumpunguzii mtu kitu ila muda wake. Askari wa mchana ni wapole kiasi cha kutojali nguzo zinazogongwa mbele yao. Hakuna moto unaochukuliwa kutoka mchana kwenda usiku. Magharibi huosha yote. Matokeo yake ni kwamba nusu ya kazi ina uzito na nusu ni kibarua cha kuitafutia nusu ya kwanza mafuta. Mji nao, ulio mzuri katika mvua ya usiku, huonekana mtupu juani. Minazi ipo, watu hawapo. Bayview ilikuwa tupu vile vile, lakini giza lilimsitiri mtungaji wake.

Askari wa usiku wana kasoro yao. Mwanzoni, gari la mchezaji likiwa dhaifu, magari yao ni ya kasi kuliko lake, nao humgonga mpaka limharibikie. Werevu haumsaidii sana. Mwishoni, akiisha kufunga vifaa vikubwa, msako huwa usumbufu tu. Katikati ya hali hizo mbili kuna saa kadhaa ambamo pande mbili zimelingana, na ndizo saa bora za mchezo. Redio yao yasikika, lakini haina tena ule ustadi wa kutaja na kupanga. Askari wa Palm City hutukana na kutisha. Wa Rockport walikuwa kazini.

Tofauti hiyo ya lugha yaelekea kwenye tofauti ya maana, na hapo ndipo Heat inapostahili lawama nzito zaidi. Katika Most Wanted mchezaji ni mkosaji, naye ajua. Sajini Cross, anayemwandama, ni mtu wa ghadhabu na majivuno, lakini anamwandama mtu aliyevunja sheria kweli. Kazi ile haikumtafutia mchezaji udhuru, na kwa hiyo utamu wa kutoroka ulikuwa na chumvi ya kosa. Heat yamtafutia udhuru. Luteni Mercer na kikosi chake ni wala rushwa na wezi wa magari. Tangu onyesho la kwanza askari wamtenda dereva aliyekamatwa kwa ukatili usiokuwa na kiasi. Ana Rivera na ndugu yake Lucas ni watu wema wenye majonzi ya kifamilia, na mchezaji, ambaye mara hii amepewa sura na sauti, amekuwa msaidizi wa haki. Kwa njia hiyo kila kosa lake limesafishwa kabla hajalitenda.

Dhuluma ya askari ni jambo zito, na mtungaji aliyelitia katika kazi yake amekopa deni. Heat haikulilipa. Kisa chasimuliwa kwa maonyesho mafupi kati ya shindano na shindano, wahusika wasema lugha ya mzaha hata mahali pa hofu, na mambo yakwisha kwa kufukuzana kama yalivyoanza. Ukatili wa kikosi cha Mercer haubadili hata kidogo namna mji unavyoishi; ni leseni ya mchezaji tu. Utaratibu wa usiku, usiosema neno, una maadili zaidi kuliko kisa kinachosema mengi, kwa sababu wamwacha mchezaji na tamaa yake mwenyewe. Kama watungaji wangeuamini usiku wao, wasingalihitaji kuwafanya askari wote kuwa majambazi.

Kuna tatizo jingine ambalo si la Heat peke yake bali la kila anayetaka kuihukumu. Tarehe 31 Mei, 2021, Electronic Arts iliyaondoa sokoni matoleo matano ya mfululizo huu, yakiwemo Carbon, Undercover na The Run, na tarehe 31 Agosti mwaka ule mitambo yaliyochezewa kwa mtandao ikafungwa. Toleo liitwalo World, lililoishi katika mtandao tu, lilikuwa limekufa tangu Julai 2015, na hakuna santuri ya kulirudisha. Underground zote mbili hazichapwi tena. Anayezitaka hutafuta santuri kuukuu na mashine kuukuu ya kuzichezea. Ruhusa ya kutumia majina ya magari na nyimbo za watu hutolewa kwa muda, na muda ukiisha kazi nzima huweza kwenda pamoja nayo, kana kwamba kitabu kingeweza kuondolewa madukani kwa sababu shairi moja lililotajwa ndani yake limedaiwa na mwenyewe.

Wasomaji wa jarida hili watauelewa upesi uzito wa jambo hilo. Uhakiki wa tenzi haungesimama kama miswada isingalikusanywa. Orodha ya J. W. T. Allen ya miswada iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ilichapishwa mwaka 1970, na tangu hapo aliyedai kwamba utenzi fulani una ubeti fulani aliweza kuulizwa, katika mswada upi? Mpenzi wa Most Wanted anayedai leo kwamba redio ya Rockport haikushindwa mpaka sasa aweza kuwa mkweli, na katika jambo hili ni mkweli; lakini yule anayedai kwamba wapinzani wa Underground walishindana kwa haki ni mwongo asiyejijua, na kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2003 hana pa kwenda kumpima. Toleo la 2015, lisilofunguka bila ya mtandao, litakwisha siku ile mitambo yake itakapozimwa, na mji wake wa usiku utabaki katika picha. Kila hukumu juu ya Heat yasimama juu ya ushahidi unaopungua.

Criterion walipoipokea kazi walitoa Unbound, tarehe 2 Desemba, 2022. Mji ni Lakeshore, uliofananishwa na Chicago. Katika mji huo mchana na usiku vimebaki viwili, lakini magharibi haioshi tena: moto uliowashwa mchana huchukuliwa mpaka usiku, na dereva aliyekuwa mzembe adhuhuri hulipa saa tatu za usiku. Kiingilio hulipwa kabla ya shindano, fedha zaweza kuwekwa rehani dhidi ya mpinzani mmoja, na nafasi za kurudia ni za kuhesabu. Kasoro kubwa ya Palm City ilikuwa imesomwa na kurekebishwa, hatua kwa hatua, na watu walioielewa. Juu ya marekebisho hayo wakachora moshi wa katuni na mabawa nyuma ya magari, nao wachezaji wakabishana kwa miezi juu ya mabawa.